Mtani Wetu, Madamu Kabula

Makande yakianza kushika chini ya sufuria hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Mahindi yaliyoungua kidogo, maharage, moshi wa kuni mbichi, vyote vimechanganyika, na pua haijui kama ijikunje au ifurahi. Shuleni ninapofundisha sasa, hapa Korogwe, jiko liko nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, na mpishi wetu ni mtu wa maongezi. Akipata mgeni, sufuria hujitunza yenyewe. Basi harufu hiyo huniingilia dirishani katikati ya kipindi, nami hujikuta nacheka peke yangu mbele ya watoto wa watu. Wao hudhani nimewaza chakula. Kumbe mimi nimesharudi Handeni, nina miaka kumi na mitano, nina ndoo ya maji kichwani, na nimesimama nyuma ya ofisi ya walimu nikisikiliza maneno yasiyonihusu.

Acha nikusimulie vizuri, maana mtu asiye wa kwetu akikisikia kisa hiki juu juu atadhani tulikuwa watoto tusio na adabu. Adabu tulikuwa nayo. Tena ilituzidi, na matatizo yote yalianzia hapo.

Nilikuwa naishi Chanika, palepale Handeni, kwa bibi yangu, mama yake baba, na nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kata. Madarasa yalikuwa mapya, yananuka saruji, na upepo ukivuma vumbi jekundu lilitupaka wote rangi moja. Wengi wetu tulikuwa Wazigua, Wasambaa kidogo, na Wamasai wachache kutoka kule kwenye mbuga za ng'ombe. Mmoja wao, Lemburis, nilikaa naye dawati moja. Alikuwa mrefu mpaka magoti yake hayakuingia chini ya dawati, na alikuwa na sauti nene kuliko ya mwalimu wa zamu.

Madamu Kabula alikuja mwanzoni mwa mwaka ule kutufundisha hesabu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, chaki haikosi kwenye nywele zake, na alizipenda hesabu kama mtu anavyompenda mtoto mchanga: akimaliza kuandika swali ubaoni alirudi nyuma hatua chache, akalitazama, akatabasamu. Sisi tulimpenda tangu wiki ya kwanza. Alikuwa ameshika majina yetu yote, hakubeba fimbo, na akicheka alicheka kwa sauti, mkono kifuani, bila kujali nani anapita nje.

Ila kufundisha, jamani! Alikwenda mbio. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kusalimia tu. Mkono wa kulia uliandika, wa kushoto ulikuwa umeshaanza kufuta. Mwisho wa kipindi aligeuka, uso unang'aa kwa jasho na furaha, akauliza, "Mmeelewa?" Na darasa zima tukaitikia kwa mkupuo, "Tumeelewa, madamu!"

Mimi sikuwa nimeelewa kitu. Lemburis naye hakuwa ameelewa kitu, na ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Lakini tungesema nini? Sisi tulilelewa kwamba mkubwa akikuuliza kama umeshiba, umeshiba. Kumwambia mwalimu hujaelewa ni kumwambia usoni kwamba kazi yake haijui, sawa na kumwambia mama mkwe mboga yake haina chumvi. Nani angefanya hivyo, tena kwa mwalimu anayempenda?

Mtihani wa kwanza ukafagia darasa. Madamu alirudisha karatasi zetu bila kucheka. Mimi nilipata alama nne, na mpaka leo najiuliza zilitoka wapi. Alisimama mbele yetu, akasema kwa upole, "Si mlisema mmeelewa?" Tukatazama sakafu. Akasahihisha maswali yote ubaoni, moja baada ya jingine, mpaka chaki ikaisha mkononi. "Haya, sasa mmeelewa mlipokosea?" Tukainua vichwa kwa moyo wote: "Tumeelewa, madamu!"

Siku chache baadaye ilikuwa zamu yangu kupeleka maji jikoni. Njia ilipita nyuma ya ofisi, na dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mkuu wa shule, mzee mmoja wa Mpale, mtu wa milimani, mkimya, anayetembea bila kusikika. "Mwalimu," alisema, "watoto hawa wakianguka tena nusu muhula, darasa nitampa mtu mwingine. Na wewe itabidi nikurudishe wilayani wakutafutie kazi nyingine. Kufundisha si kwa kila mtu." Halafu nikasikia sauti ya Madamu Kabula, ndogo, kama ya mwanafunzi: "Lakini mkuu, wananiambia wameelewa."

Mpishi naye alikuwa anasikiliza, mwiko mkononi. Makande yakaungua siku hiyo, na sikuwa na hamu hata ya ukoko.

Nikawaeleza wenzangu. Tulikutana nyuma ya tangi la maji, tukajadili kwa uchungu, na tukapitisha azimio la kumwokoa mwalimu wetu. Tungemwokoaje? Mkuu wa shule alikuwa na tabia ya kupita nje ya madarasa. Basi tungeitikia kwa nguvu zaidi, ili asikie kwa masikio yake kwamba Madamu anaeleweka. Na kweli, kuanzia kesho yake "tumeelewa" zetu zilitikisa bati. Kidato cha tatu walilalamika kwamba tunawapigia kelele. Lemburis aliongeza "sana" mwishoni. Yaani tulimpenda yule mwanamke, na kwa upendo huohuo tukawa tunamzamisha.

Madamu Kabula akafikiri labda shida iko nyumbani: labda hatuna taa, labda hatuli, labda kazi zinatuzidi. Akaanza kutembelea wazazi. Jumamosi moja alasiri akatokea kwetu Chanika, amevaa gauni lake la kazini, ana mkoba wa ngozi. Bibi alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo kwa ajili ya bada, ugali wetu ule mweusi mtamu, na mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Wewe ndiye mwalimu wa Zaina? Kwenu wapi?"

"Korogwe, bibi. Kwenye mashamba ya mkonge."

"Huko ni kazini. Nakuuliza kwenu."

"Babu alikuja kukata mkonge kutoka Tabora. Sisi ni Wanyamwezi."

Bibi akaweka chekeche chini polepole. Akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akapaza sauti mpaka nyumba ya tatu: "Jamani, fungieni kuku! Mnyamwezi kaingia mtaani!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua, kama kila mtoto wa Kizigua anavyojua, kwamba sisi na Wanyamwezi ni watani. Ni mambo ya zamani, ya mababu waliopishana njiani na misafara yao. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako mchana kweupe, anaweza kukuchekesha msibani huku unalia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini huyu alikuwa mwalimu wangu! Mwalimu aliyekuwa karibu kupoteza kazi!

Madamu Kabula alisimama palepale mlangoni. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia. Halafu akatupa mkoba juu ya mkeka, akashika kiuno. "Kumbe nimeingia kwa Wazigua! Ndiyo maana naona unga umejaa mikononi na sufuria haina kitu. Mnangoja Mnyamwezi aje awafundishe kupika?"

"Babu yako alipotea njia ya kurudi kwao," Bibi akamjibu, "akaona aibu, akajifanya anapenda mkonge!"

"Hakupotea, bibi. Wasichana wa Kizigua walimshika miguu, wakalia asiondoke. Nawe nahisi ulikuwemo."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaja kuona kuna nini, nao wakapata matusi yao. Nilikuwa sijawahi kumwona Madamu akiwa hivyo, mwepesi, mkali wa maneno, yuko nyumbani. Wakala pamoja bada na mlenda kwenye sinia moja, huku wanatukanana kwa raha. Na katikati ya tonge, bila kuwaza, Bibi akamwambia, "Tena wewe Mnyamwezi, huyu mjukuu wangu unamfanyia nini? Kila jioni amekalia hesabu zako analia. Unafundisha au unaloga?"

"Kuloga ni kazi yenu," Madamu akamrudishia haraka. Kisha tonge likabaki hewani. Akanigeukia. "Zaina, hizi za wiki hii? Hukuelewa?"

Nikafungua mdomo. Nikatia tonge.

"Usimuulize huyo," Bibi akasema huku anasukuma mlenda upande wake. "Huyo atakuambia ndiyo mpaka kesho."

Madamu aliendelea kucheka na kujibu, lakini niliona akili yake imekwenda mbali. Alipoaga, alimkamata jogoo wa Bibi, akamtia kwapani, akaondoka naye hadi barabarani. Bibi alimtupia kila neno alilolijua, na jioni nzima alikuwa na furaha kama mtu aliyepata jogoo, si aliyempoteza.

Jumatatu Madamu Kabula aliingia darasani na kanga ya kijani begani, juu ya gauni lake la kazini. Hatukuwahi kumwona hivyo. Aliweka chaki mezani, akatuangalia.

"Wazigua, nyosheni mikono." Karibu darasa zima. "Nina habari mbaya. Mimi ni Mnyamwezi."

Miguno ikapita kutoka dawati hadi dawati. Mtu mmoja nyuma akasema "Lo!" kisha akajiziba mdomo.

"Sasa sikilizeni. Kanga hii ikiwa begani, humu hakuna madamu, kuna mtani wenu. Nikiivua, mwalimu amerudi, na adabu zenu zirudi." Akaandika swali ubaoni, lilelile lililotuangusha, akarudi nyuma. "Haya, Wazigua. Nisemeni."

Nzi alikuwa anatembea dirishani na tulimsikia. Madamu akangoja, kidole chake kinapapasa upindo wa kanga. Hakuniangalia hata mara moja, na namshukuru, maana angeniangalia nisingeweza. Nikakumbuka maneno ya mkuu wa shule kule ofisini. Magoti yakaanza kucheza. Nikasimama.

"We Mnyamwezi," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya kifaranga, "hiyo x umeibeba kutoka Tabora? Maana hapa Handeni hatujawahi kuiona."

Madamu Kabula akaweka mikono yote miwili kichwani, akapinda magoti kama mpagazi aliyechoka. "Nimeibeba njia nzima! Na nyie Wazigua mnaniangalia tu, hata kunitua mzigo hamtaki!"

Darasa likalipuka. Nakuambia, ilikuwa kama mtu amekata kamba ya gunia. Mnyamwezi, unafuta ubao kama unafukuzwa! Mnyamwezi, unaongea haraka, unaogopa tutakunyang'anya maneno? Mnyamwezi, toka zile namba hasi hatujakuelewa hata siku moja! Alikuwa anacheka, anatujibu kila mmoja, na huku anaandika pembeni mwa ubao kila tulichokisema.

Lemburis akanyosha mkono, uso umejaa huzuni. "Madamu, sisi Wamasai hatuna utani na Wanyamwezi. Mimi nitasemaje?"

Likawa suala zito. Wazigua wakashauriana, wakaamua apewe Uzigua wa kipindi cha hesabu tu. Akakubali, kwa sharti kwamba habari hizo zisifike kwa ndugu zake.

Basi tukarudi nyuma, mpaka kwenye namba hasi. Madamu alifuta kila kitu akachora barabara. Handeni ikawa sifuri. Ukielekea Korogwe, namba zinapanda. Ukielekea Mkata, zinakuwa hasi. Kukawa na vurugu kubwa, kwa sababu msichana mmoja alikuwa na shangazi Mkata na hakukubali aitwe hasi, na wengine walidai Mnyamwezi anapendelea Korogwe kwao. Lakini tukapanda basi la mawazo, tukaenda Korogwe tatu, tukarudi tano, na wote tukajua tumeshukia upande gani. Nilipoona jibu limekuja lenyewe kichwani mwangu nilipiga kelele peke yangu. Sikuwa nimejua kwamba hesabu zinaweza kumfurahisha mtu namna ile.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Nusu kipindi kanga begani, nusu kipindi kanga mezani. Akajifunza kwenda taratibu, akajifunza kusema jambo kwa Kiswahili kwanza. Nasi tukajifunza kutaja mahali hasa tulipokwama, kwa sababu Mnyamwezi hakukubali tusi la jumla. Ulitakiwa umtukane ukiwa umeweka kidole kwenye mstari.

Nusu muhula ilikuwa inakaribia. Siku moja Lemburis alikuwa amesimama, amenyosha mkono wake mrefu kuelekea ubaoni, ananguruma: "Mnyamwezi, hapo umetuibia! Hiyo mbili ilikuwa huku, imevukaje?" Darasa zima lilikuwa linashangilia. Kisha safu ya mbele ikanyamaza. Kisha sisi. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni.

Tukasimama wote. Madamu Kabula akavua kanga, akaikunja.

"Nani amemwita mwalimu hivyo?"

"Ni utaratibu wa somo, mkuu," Madamu akasema.

"Utaratibu wa kutukanwa." Aliingia mpaka katikati, akatutazama mmoja mmoja. Halafu akauliza lile swali. "Kidato cha pili. Mwalimu huyu mnamwelewa?"

Jibu tulikuwa nalo. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi wiki nzima nyuma ya tangi la maji, na "sana" yake. Nililisikia limefika kwenye meno yangu. Lakini nikaangalia ubao, na ubaoni palikuwa na mistari ambayo sikuielewa, na nilijua ni ipi. Hakuna aliyeitikia. Madamu akainamisha kichwa.

"Mkuu," akasema Lemburis, bila Uzigua, bila kanga ya mtu yeyote begani, "mpaka mstari wa tatu tumeelewa. Kuanzia wa nne hatujaelewa."

Nikafumba macho. Nikajua amemmaliza.

"Na wewe?" Mkuu alikuwa ananiuliza mimi.

"Mimi wa nne nimeelewa, mkuu. Wa tano ndio hapana."

Mikono ikaanza kunyoshwa, mmoja hapa, mwingine kule. Wengine walikwama wa tatu. Mmoja alikuwa ameelewa yote, akataka kueleza. Mkuu wa shule akageuka akautazama ubao, akasoma kuanzia juu, taratibu, midomo yake ikicheza. Kisha akaja nyuma, akavuta kiti kibovu, akakaa.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Huo wa tano ulinisumbua hata mimi nikiwa na umri wao." Akajikohoza. "Na hiyo kanga irudishe begani."

Sitakudanganya kwamba nusu muhula tulipasua. Wengine tulianguka tena, lakini tulianguka kwa heshima, na sifuri zilikuwa za kutafuta. Habari za kurudishwa wilayani hazikusikika tena. Madamu Kabula alitufundisha mpaka kidato cha nne, na mimi ninasimama mbele ya ubao leo kwa sababu yake.

Lakini kuna jambo sikulijua mpaka nilipoanza kazi hii. Miezi ya kwanza hapa Korogwe nilikuwa namaliza kipindi, nageuka, nauliza, "Mmeelewa?" Nao wanaitikia, "Tumeelewa, madamu!" Ndugu msomaji, neno lile ni tamu. Mimi niliyelisema kwa uongo mamia ya siku, mimi ninayejua limetengenezwa na nini, niliambiwa na nikaamini, nikarudi nyumbani naimba.

Kisha siku moja msichana wa safu ya nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Madamu, mimi bado." Wenzake wakamgeukia kama amevunja kitu. Nikamwambia tutaonana baadaye, nikatabasamu, nikatoka. Ofisini nilishindwa kunywa chai. Nilikuwa nimeandaa somo lile usiku kucha, na neno moja la mtoto lilikuwa limenichoma hadi machoni.

Ndipo nikamwona Madamu Kabula upya, amesimama Jumatatu ile, kidole kwenye upindo wa kanga. Miaka yote hiyo nilidhani mwenye kuhitaji ujasiri siku ile nilikuwa mimi na magoti yangu. Kumbe alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ana hofu ya kufukuzwa, ameingia kwenye chumba kilichokuwa kinampa neno tamu kila siku, na akatuomba tumnyang'anye. Akalifanya mchezo ili sisi tusione anachotoa.

Niliacha chai mezani nikarudi darasani. Yule msichana alikuwa bado amekaa peke yake, wenzake wamekwenda kula. Aliponiona alianza kusimama kuomba radhi.

"Kaa," nikamwambia. "Bado wapi? Nionyeshe."

Akaweka kidole. Ulikuwa mstari wa kwanza kabisa. Nikavuta kiti nikakaa kando yake.